Majuma Matatu Kisiwani: Wanafunzi Wageni na Hesabu ya Popo wa Pemba

Kila mwaka vyuo vikuu vingi duniani huwapeleka wanafunzi wao nchi za nje kwa masomo ya muda mfupi. Wako waendao Japani kwa majuma machache kujionea viwanda, mahekalu na lugha. Wako wanaokuja Afrika Mashariki. Safari za namna hii husifiwa sana, na aghalabu husifiwa kwa mambo yasiyopimika, kama vile kufumbuka macho na kujenga urafiki. Makala haya yanauliza swali jingine. Mwanafunzi anayekaa mahali kwa majuma matatu anaweza kujua nini kwa yakini, na ni kipi asichoweza kukijua hata awe hodari namna gani? Mfano utakaotumika ni wa Kisiwa cha Pemba.

Tangu miaka ya 1990, kwa miaka mingi, chuo cha Kimarekani kiitwacho School for International Training, chenye makao yake Brattleboro katika jimbo la Vermont, kilikuwa kikiwaleta Zanzibar wanafunzi wa vyuo vikuu mbalimbali vya Marekani kusomea mazingira ya pwani. Muhula wao ulikuwa wa miezi mitatu na zaidi. Walianza kwa Kiswahili na mihadhara mjini Unguja, kisha ziara za misituni na baharini. Katika mwezi wa mwisho kila mwanafunzi alifanya uchunguzi wake mwenyewe. Baadhi walibaki Unguja wakachunguza mwani, mikoko au kima punju wa Jozani. Wengine walivuka kwenda Pemba. Ukiondoa siku za safari na siku za kuandika taarifa, mwezi huo ulibakiza majuma matatu hivi ya kazi hasa. Miongoni mwa waliovuka, wako waliomchagua popo wa Pemba.

Mnyama mwenyewe

Popo huyu, kwa jina la kitaalamu Pteropus voeltzkowi, hapatikani penginepo duniani ila Pemba. Ni mkubwa: mabawa yake yakinyoshwa hupata mita moja na nusu na zaidi. Manyoya yake ni ya rangi ya hudhurungi iliyoiva, na uso wake ni kama wa mbweha. Tofauti na popo wadogo wala wadudu, yeye hajiongozi kwa mwangwi wa sauti yake. Hutegemea macho na pua. Chakula chake ni matunda, kama vile maembe, mashelisheli na matunda ya mikuyu, pamoja na maua ya miti kama msufi. Kwa kula huko husambaza mbegu na chavua, na kisiwa ambacho sehemu kubwa ya misitu yake ya asili ilikatwa ili kupanda mikarafuu kinamhitaji mpanzi wa namna hiyo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Jina lake la kitaalamu nalo lilizaliwa katika safari fupi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Alfred Voeltzkow alipita Pemba akikusanya wanyama na mimea. Mwaka 1909 mtaalamu mwenzake, Paul Matschie, alimwelezea popo huyo katika maandishi ya sayansi na kumpa jina la msafiri. Wapemba walikuwa wakimjua popo wao kabla ya hapo, na walijua pia kwamba analika.

Jambo moja la ajabu lafaa kukumbukwa. Jamii hii ya popo wakubwa imeenea toka visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kupitia Asia ya Kusini, hadi Madagaska, Ngazija na Mafia. Pemba iko ukingoni kabisa upande wa magharibi. Bara ya Afrika, iliyo umbali wa kilomita 50 tu kutoka Pemba, haina hata mmoja. Popo anayeweza kuruka kilomita nyingi kwa usiku mmoja hakufanya makazi upande wa pili wa mkondo. Sababu bado inabishaniwa na wataalamu, na mwalimu wa biolojia hatakosea akiliacha swali hili wazi darasani.

Jioni ya kuhesabu

Mchana popo hawa hulala wakining'inia kwa makundi katika miti mirefu. Baadhi ya makundi hayo yamesalia katika Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, na mengine katika miti ya makaburini, kwa kuwa watu huona vibaya kukata miti ya makaburi. Kundi lijulikanalo zaidi na wageni ni la Kidike, si mbali na Chake Chake.

Kuwahesabu mchana ni kazi ngumu, maana majani huwaficha na wao hulala wamebanana. Njia iliyo bora ni kungoja magharibi. Baada ya saa kumi na mbili jioni huanza kutoka mmoja mmoja, kisha kwa wingi. Mhesabuji husimama mahali ambapo mbingu iko wazi nyuma ya mti, akahesabu kila anayepita. Hana haja ya chombo cha thamani: kokoto mfukoni zatosha, kokoto moja ihamishwe toka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto kwa kila popo kumi.

Tuchukulie kuwa wanafunzi watatu wamesimama upande mmoja wa mti jioni moja. Wa kwanza amepata popo 412, wa pili 455, wa tatu 390. Wastani ni 419. Lakini kati ya aliyepata wengi na aliyepata wachache kuna tofauti ya 65, yaani kiasi cha asilimia 15 ya wastani wenyewe. Popo ni wale wale, jioni ni ile ile. Kilichotofautiana ni macho ya watu. Kwa hiyo kesho yake mmoja wao akipata popo 440 na kuandika kwamba kundi limeongezeka, ameandika jambo asilolijua.

Kuna mtego mwingine ambao humnasa hasa mgeni wa muda mfupi. Katika siku za mwanzo macho yake hayajazoea. Hajui kumtenganisha popo anayetoka na yule aliyezunguka akarudi, wala hajajua kwamba wako wanaotokea upande wa pili wa mti. Kufikia juma la tatu amekuwa mjuzi, na hesabu zake zimepanda. Akichora mstari wa majuma matatu ataona kundi linakua, kumbe kilichokua ni uhodari wake. Dawa yake ni kuzitupa hesabu za siku chache za mwanzo bila kuzionea huruma, na kuhesabu wawili wawili kila mara.

Hesabu iliyoshuka na hesabu iliyopanda

Makosa ya namna hii yana matokeo nje ya daftari. Mwaka 1989 wachunguzi waliomtafuta popo wa Pemba waliona wachache mno, hata ikahofiwa kwamba yu karibu kutoweka duniani. Uwindaji wa nyama na ukataji wa misitu vilitajwa kuwa sababu. Mwaka 1995 uchunguzi mwingine, uliotembelea vituo vingi zaidi vya kulala, ulikisia popo wapatao 5,000. Yapata miaka 12 baadaye makisio yalikaribia 20,000. Katika muda huo vijiji kadhaa vilikuwa vimeunda vilabu vya uhifadhi, na wageni waliokuja kuwatazama popo wakawa wanalipa ada kidogo.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hii ni hadithi moja ya ushindi. Hesabu ya kidato cha pili yatosha kuonyesha kwamba ni hadithi mbili.

Jike wa popo hawa huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Ikiwa nusu ya kundi ni majike, wote wakazaa, watoto nao wakaanza kuzaa mara moja, na asife hata mmoja, basi kundi litaongezeka kwa asilimia 50 kwa mwaka. Hicho ni kiwango ambacho haliwezi kukipita kamwe. Kwa kweli haliwezi hata kukifikia, maana popo hufa na watoto huchukua muda kukomaa. Sasa, kutoka 1989 hadi 1995 ni miaka sita. Kundi la popo 100 likizidishwa kwa 1.5 mara sita linafika 1,139. Hata kama wangekuwa 400, wangefika 4,556 tu, tena bila kifo chochote. Basi ikiwa wale wachache walioonekana mwaka 1989 ndio waliokuwa wote, wasingeweza kuzaa wakawa 5,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo lazima itokane na kutafutwa vizuri zaidi.

Kutoka 5,000 hadi 20,000 kwa miaka 12 ni habari nyingine. Hapo ongezeko linalotakiwa ni la asilimia 12 hivi kwa mwaka, na popo wanaolindwa wanaweza kulifikia. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba ndivyo ilivyokuwa, bali inaonyesha kwamba yawezekana. Wanavijiji waliolinda miti yao wana haki ya kusifiwa kwa ongezeko hili la pili, na sifa yao haipungui kwa kulikana lile la kwanza.

Miezi isiyohesabiwa

Wanafunzi wa vyuo vya Marekani hufuata mihula ya kwao. Mmoja huanza karibu na Septemba na kwisha Desemba. Mwingine huanza karibu na Februari na kwisha Mei. Kwa kuwa uchunguzi wa kila mmoja hufanyika mwishoni mwa muhula, taarifa zao karibu zote zimeandikwa ama katika Novemba na mwanzo wa Desemba, ama katika Aprili na mwanzo wa Mei. Novemba ni vuli. Aprili ni masika. Kwa hiyo hata zikikusanywa taarifa za miaka 20, zitatueleza mengi kuhusu popo wa wakati wa mvua, lakini kuhusu popo wa kipupwe, au wa Januari na Februari, hazitatueleza karibu lolote. Popo huhama miti kufuata matunda na maua. Kundi lililopungua Aprili huenda limekwenda kulala shehia ya pili. Mtaalamu mwenye shahada tatu akikaa majuma matatu hawezi kuliona hilo. Mtoto wa kijijini anaweza, mradi aandike.

Uhaba wa muda unaathiri hata maswali. Tuchukulie mwanafunzi mgeni amekwishapata kibali cha utafiti, amejitambulisha kwa sheha, na sasa amepiga hodi kwa mzee aishiye jirani na mti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Eti babu, popo wamepungua siku hizi?"

"Naam, wamepungua."

Juma la pili anafika mwenzake, naye anauliza, "Babu, popo si wameongezeka siku hizi?" Na mzee anajibu, "Naam, wameongezeka, alhamdulillahi." Mzee hakusema uongo. Mgeni alikuja na jibu lake mkononi, na si adabu kumnyang'anya mgeni alichokuja nacho. Angeulizwa, "Babu, mwaka ulipooa, popo hawa walikuwa wakilala wapi?" huenda angetaja mti, mwenye shamba, na mwaka ambao mti ulikatwa. Maswali ya aina hii hujulikana baada ya kukaa, na mara nyingi mwanafunzi huyajua siku anapofunga mizigo yake.

Haya si mapungufu ya Wamarekani. Mwanafunzi wa Pemba akipelekwa Japani kwa majuma matatu, akafika Okinawa au visiwa vya Ogasawara, atakuta huko ndugu wa popo wake, Pteropus wa jamii nyingine, nao wakaazi wa visiwa na walaji wa matunda. Atawatambua mara moja kwa umbo. Lakini hatajua mti upi huzaa mwezi gani, wala dhoruba za majira gani huangusha matunda, wala mzee yupi aulizwe. Huko yeye ndiye atakayekuwa kipofu, na kijana wa Okinawa ndiye atakayekuwa na macho.

Daftari la shule

Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, wanafunzi wa safari za namna hii walirudishwa makwao karibu duniani kote. Popo hawakuondoka. Shule ya sekondari iliyo karibu na kituo cha kulala popo inaweza kuhesabu mara moja kila mwezi, jioni ile ile ya mwezi mwandamo, mwaka mzima, likizo zikiwemo. Yaandikwe haya: tarehe, saa popo wa kwanza alipotoka, majina ya wahesabuji wawili na hesabu ya kila mmoja bila kuzisawazisha, mvua au ukavu, na miti inayozaa jirani. Ruhusa iombwe kwa sheha na kwa wenye makaburi. Makofi yasipigwe kuwarusha popo ili waonekane, kama wapendavyo baadhi ya watalii, maana majike wenye watoto vifuani huchoshwa bure. Daftari liwe mali ya shule, lisiwe la mwanafunzi. Aliyeanza akiwa kidato cha tatu atahitimu kabla hesabu hazijaanza kuwa na maana.

Maswali

1. Wahesabuji wawili wamepata popo 280 na 316 jioni moja. Tafuta wastani, na tofauti yao kwa asilimia ya wastani huo. Mwezi uliofuata wastani wao ni 325. Je, kundi limeongezeka? Toa sababu.

2. Kundi la popo 600 linaongezeka kwa asilimia 12 kila mwaka. Litapita 1,200 baada ya miaka mingapi?

3. Tunga maswali matatu ya kumuuliza mzee wa kijijini kwako kuhusu mnyama au mti uliobadilika idadi, kila swali liwe la namna ambayo jibu la "naam" peke yake halitoshi.