Bwana Arusi na Matayarisho Yake

Tumeletewa suala na kijana mmoja akaaye Kongo, katika mtaa wa Kawangware, Nairobi, ambaye asili yake ni huku kwetu pwani. Tumeona jawabu lake lifaa kusomwa na wote, kwani ni wachache katika watu wa miji yetu wasio na mtoto au mpwa aliyekwenda bara kutafuta maisha, na litakalomfika yule laweza kumfika huyu.

Kijana asema kuwa posa yake imekubaliwa, na mahari yamekubaliwa nayo ni mepesi. Kilichomkwamisha ni mambo yaliyokuja nyuma ya mahari: ukumbi wa kukodi, mpiga picha za video, nguo za sare za wapambe, keki ya ghorofa tatu, na kupamba kwa wanawake. Rafiki zake wamempa shauri akope kwa simu, nayo mikopo hiyo hulipwa kwa nyongeza. Sasa auliza: akope, au aahirishe arusi mwaka mwengine? Na kwa uchache alio nao, ajitengeneze vipi asiaibike mbele ya wakwe zake?

Jawabu la suala la kwanza ni fupi. Mkopo ulipwao kwa nyongeza ni riba, na riba haihalaliki kwa sababu ya keki. Wala hana haja ya kuahirisha. Ndoa yasimama kwa mume na mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, na Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu asiye na kitu atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa alimwoza kwa sura za Qur'ani alizozihifadhi. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni ada zetu. Mwenye uwezo akitoa kwa hiari yake ni wema, lakini hazijawa mahari wala haifai kumzuilia mtu mke kwa ajili yake. Karamu ya arusi ni sunna. Abdulrahman bin Auf aliambiwa afanye karamu japo kwa kondoo mmoja, na katika arusi ya Bibi Safiyya watu walitandikiwa ngozi, kila mwenye kitu akaleta alicho nacho, tende huyu na samli yule, vikachanganywa pamoja vikaliwa. Hiyo ndiyo karamu ya arusi ya mbora wa viumbe. Kijana wa Kongo aliye na sufuria mbili za pilau amekwisha ipita kwa wingi wa chakula.

Liko jambo moja ambalo hatumpi ruhusa kulipunguza, nalo ni cheti. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka ndoa ya Kiislamu iandikishwe kama ndoa nyenginezo, na yakataza kuozwa aliye chini ya miaka 18. Wengi hutumia fedha katika picha za video wakasahau karatasi hiyo, na siku ya kudai urithi au matumizi ya watoto ndipo mama wa watu aanzapo kuzunguka mahakamani.

Sasa tuje katika kujitengeneza, maana hapa ndipo tulipoona kijana wetu ana haya kuuliza, na haya hiyo haina mahali. Ibn Abbas (R.A.) alikuwa akisema kuwa apenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama apendavyo mkewe ajipambe kwa ajili yake. Twawaona mabwana arusi ambao mke amesingwa wiki nzima kwa liwa na sandali, naye mume ajia arusini ametoka kazini jana usiku, kucha zina saruji. Huo si uanaume.

Aende kwa kinyozi siku mbili kabla, asiende asubuhi ya arusi. Ngozi ya shingo iliyonyolewa hutoka vipele, na siku mbili zatosha kupoa. Zamani katika miji yetu kunyolewa bwana arusi kulikuwa ni shughuli yenyewe, watu wamemzunguka wakimtunza kinyozi fedha, na kinyozi akinoa wembe wake mbele yao. Wembe ule mmoja uliopita vichwa vingi hatuutaki tena, kwani damu kidogo yatosha kuhamisha maradhi ya ini na ukimwi. Kijana anunue wembe wake mpya ampe kinyozi mkononi, na ikiwa ni mashine ahakikishe imepanguswa kwa spiriti. Mtindo wa kunyoa pande mbili za kichwa na kuacha kishungi katikati ndio ule uitwao qaza', uliokatazwa katika Hadithi ya Ibn Umar. Ama anyoe chote au apunguze chote. Ndevu azichane na kuzilinganisha, masharubu ayapunguze. Kucha na nywele za kwapa zisipitishwe siku arubaini hata kwa asiyeoa, sembuse yeye. Kisha aoge, apige mswaki, ajitie manukato. Kibanda chenye mfereji wa maji nje ya mlango kamzuia nani kuoga?

Hina tumeulizwa mara nyingi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwanamume hajipaki hina mikononi na miguuni kwa pambo, kwani hilo ni pambo la wanawake. Ndevu zenye mvi ni jambo jengine. Twajua wako wazee watakaotuambia kwamba bwana arusi wa zamani alitiwa hina na hakuna aliyesema neno. Twawaheshimu wazee wetu, lakini ada haiwi hoja. Ama bi arusi, na apakwe hina ya kweli: majani yaliyotwangwa yakachungwa, yakakandwa kwa maji ya ndimu, yakaachwa saa kadhaa mwilini, nayo huacha rangi ya wekundu. Piko nyeusi ni rangi ya nywele. Ndani yake mna dawa iitwayo parafenilindiamini, ambayo haikutengenezewa ngozi, na huweza kumtoa mtu malengelenge na kumwachia kovu la umbo lile lile la ua alilochorwa. Mama zetu waipakao wasiseme hawakuambiwa.

Katika nguo, dhahabu na hariri ni haramu kwa wanaume wa umma huu, basi pete ya dhahabu ivaliwayo siku hizi na mabwana arusi iachwe. Akitaka pete, iwe ya fedha. Joho lenye zari hatulikatazi, kwa kuwa zari za madukani leo aghalabu ni nyuzi zilizotiwa rangi tu. Lakini kwa nini alinunue? Joho huvaliwa siku moja, kisha likaliwa na nondo sandukuni. Aazime. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba alikuwa na kanzu moja ya nguo nzito, thamani yake dirhamu tano, na katika zama za Mtume hakupambwa mwanamke Madina ila hutuma mtu kwenda kuiazima. Maarusi wa Madina walipambwa kwa kanzu ile ya kuazima, basi ni nani huyo wa Kawangware atakayeona aibu? Sisi twaona kila msikiti wa mitaa ile ungeweza kuweka majoho mawili, vilemba viwili na jambia moja, yakavaliwa na kila mwenye kuoa na kurudishwa yamefuliwa.

Kofia, hata hivyo, twapenda iwe yake. Kofia ya vito ya Lamu au Siyu hushonwa kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tundu kwa tundu, na nzuri yake huchukua miezi. Ana vipande viwili: cha duara cha juu na kirefu cha kuzunguka kichwa. Ikiwa nyumbani kwao yuko mama au shangazi ajuaye kazi hiyo, kijana na apeleke kitambaa na nyuzi siku ile ile posa ikubaliwapo, na itakuwa tayari. Itamvika siku ya arusi na Idi ishirini baada yake. Bei ya video moja ingelisha nyumba ya mshona kofia kwa muda gani, hesabu hiyo twawaachia wasomaji.

Pambo la nyumba pia liko mikononi mwa jamaa. Mkeka wa ukili uliotiwa rangi, kukiwa na bibi wa kuusuka, wapendeza kuliko zulia la kukodi, nao hubaki. Asumini na mkadi hazipatikani Kawangware kwa wepesi, lakini rehani huota hata katika kopo dirishani, na mawaridi Nairobi si haba; wanawake wawili wenye sindano na uzi wafunga vikuba vya kuwatosha wageni wote kwa alasiri moja. Udi wa sukari hupikwa nyumbani kwa chembe za udi, sukari na marashi. Bi arusi akifunikwa kisutu, ile kanga ya asili isiyo na maandishi, amevaa walichovaa bibi zake. Na huko Kibera, si mbali na Kongo, wako Wanubi, wajukuu wa askari wa KAR waliopewa makao pale mwanzo wa karne ya 20, na ambao mwaka 2017 walipewa hati ya ekari 288 za ardhi yao. Wanawake wa Kinubi husuka tabaga, zile sahani za ukindu za rangi rangi za kufunikia chakula. Sinia ya pilau iliyofunikwa tabaga haihitaji mpambaji wa kutoka mjini, na fedha itakuwa imebaki kwa jirani Mwislamu.

Limebaki la kupamba. Hilo, kwa kweli, si la kijana. Ni la mama mkwe, naye yumo katika wasomaji wetu. Mama, wageni wako wataitazama nguo ya mwanao kwa saa mbili, nao wakifika nyumbani watataja kasoro yake. Kijana huyu ataamka kesho yake na deni likitoa mlio kwenye simu yake, na nusu ya chakula cha mwanao itakwenda kulilipa. Mwite kabla ya Ijumaa, umwambie kuwa wanawake watakusanyika ukumbini mwa nyumba yako, kwa chai na vitumbua, na kwamba sare umeziondoa. Ukumbi wa kukodi, kama amana yake haijalipwa, waweza kuvunjwa kwa neno moja.