Somo la Mwezi: Mtu Mwenye Majina Mawili



Katika mabanda ya video, na siku hizi katika simu za vijana wetu, umeingia mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Dexter. Kwao ulionyeshwa kuanzia mwaka 2006 hadi 2013, sehemu 96 kwa jumla, na baadaye ikaongezwa mingine inayoendeleza habari za mtu yule yule. Wazazi wametuuliza kama unafaa. Vijana nao wamejibu kwamba ni mchezo tu, hakuna aliyekufa kweli. Tumeona vema jambo hili liwe somo letu la mwezi huu, maana linagusa zaidi ya televisheni.

Kwanza tueleze habari yenyewe kwa wasioijua. Dexter Morgan ameajiriwa na polisi wa mji wa Miami. Kazi yake ni kuchunguza matone ya damu mahali palipouawa mtu, na kueleza pigo lilitoka upande gani. Ni mpole, ana dada anayempenda, na asubuhi huwapelekea wenzake kazini boksi la maandazi. Lakini usiku huua watu. Baba yake mlezi, naye polisi, alipoona kijana ana kiu ya kuua alimfundisha kanuni moja: asimwue ila yule aliyekwisha kuua na kuuponyoka mkono wa sheria. Basi mtu huyu anaishi maisha mawili kwa miaka mingi, na walio karibu naye hawajui.

1. Mchezo unatukalisha wapi?

Sisi tuliofanya kazi ya kuwafundisha walimu tulizoea kuwaambia wanachuo: kabla hujauliza kama hadithi ni nzuri, uliza ni nani anayesimulia, na ni nani asiyepewa nafasi ya kusema. Tuutumie mzani huo.

Katika mchezo huu anayesimulia ni mwuaji mwenyewe. Tunaisikia sauti ya moyo wake, tunajua siri ambayo dada yake haijui, na hivyo tunakuwa wasiri wake. Polisi wanapomkaribia, moyo hutudunda kwa kumhofia yeye. Wanaouawa huingia na kutoka upesi. Tena wengi wao wamechaguliwa kuwa waovu mno ili tusiwalilie. Kwa njia hiyo mtu mwema, aliyeketi kwa amani pamoja na jamaa zake, anajikuta ameketi upande wa kisu.

Katika msimu wa nne anatokea mwuaji mwingine, Arthur Mitchell. Huyu ni mwalimu wa shule, ni shemasi katika kanisa lake, na hujitolea kuwajengea maskini nyumba. Kumbe ameua watu kwa miaka thelathini. Kwa kuwa baadhi yetu ni walimu na wazee wa kanisa, hatukuweza kumtazama bila kujikuna kichwa! Vijana wakasema, "Mtu kama huyo hayuko duniani." Hapo ndipo tulipoona kwamba hatuna budi kuwaeleza habari za Nyange.

2. Yaliyotokea Nyange

Nyange ni parokia ya Kikatoliki upande wa magharibi wa Rwanda, katika eneo lililoitwa zamani Kivumu. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, Watutsi wa vijiji vya jirani walikimbilia kanisani. Walifanya kama tunavyofanya sisi sote wakati wa hatari: walikwenda mahali walipobatizwa. Aliyekuwa akiisimamia parokia ni padre kijana, Athanase Seromba.

Mambo yafuatayo yalithibitishwa katika Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoketi Arusha, katika nchi yetu. Padre aliwazuia wakimbizi wasichukue chakula katika shamba la migomba la parokia. Alikataa kuwasomea misa. Wafanyakazi wake wa kabila la Kitutsi aliwafukuza. Kanisa lilipozingirwa, na wauaji wakashindwa kuingia, lililetwa buldoza, mashine ile inayotumika kusukuma udongo wa barabara. Dereva alitaka kauli ya padre kabla ya kulivunja kanisa. Padre alikubali, akamwonyesha na upande wa jengo ulio dhaifu. Paa likawaangukia waliokuwa ndani. Mahakama ilikadiria kwamba waliokufa hawakupungua 1,500.

Julai mwaka ule padre alikimbilia Zaire. Mwaka 1997 alifika Italia, na katika mji wa Florence akapewa kazi ya upadre. Jina alilotumia huko lilikuwa Anastasio Sumba Bura. Fikirini jambo hilo. Waumini wa mtaa wa Florence walipokea mkate mikononi mwake, naye akawabatizia watoto na kuwaombea wafu wao. Hawakuwa na sababu ya kumshuku. Alikuwa mgeni kutoka Afrika, mwenye kanzu na kitabu cha sala.

Tusije tukalisoma jambo hili kama watu wanaochungulia ua wa jirani. Askofu wa zamani wa Anglikana wa Shyogwe, Samuel Musabyimana, alikamatwa Nairobi mwaka 2001 akashtakiwa katika Mahakama hiyo hiyo, naye alifariki Januari 2003 kabla kesi haijasikilizwa. Hakuhukumiwa, nasi hatumhukumu. Lakini hakuna Kanisa linaloweza kusema kwamba neno hili haliwahusu watu wake.

3. Njia ya mwongo ni fupi kwa nani?

Tunasema njia ya mwongo ni fupi. Je, ni kweli? Yuko mtu mwingine anayetajwa katika habari za Nyange, Fulgence Kayishema, aliyekuwa mkaguzi wa polisi katika Kivumu. Alishtakiwa mwaka 2001 kwamba alihusika katika mauaji ya kanisani pale, pamoja na kuleta petroli ya kulichoma kanisa. Hakuonekana. Alikamatwa tarehe 24 Mei 2023 huko Paarl, eneo la mashamba ya mizabibu karibu na Cape Town, akiishi kwa jina lisilo lake. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu ashtakiwe. Waliomsaka walieleza kwamba alikuwa ametumia majina kadhaa na hati za uongo, na kwamba alisaidiwa na jamaa na wenzake wa zamani. Alipofikishwa mahakamani alikuwa na Biblia mkononi, akakana kuhusika. Hapa wanafunzi watofautishe: Seromba amehukumiwa, Kayishema ameshtakiwa. Mashtaka si hukumu.

Kwa hiyo njia ya mwongo yaweza kuwa ndefu sana. Hufupishwa na watu wanaokutana naye njiani wakasema wanayoyajua. Habari za Seromba zilitangazwa mwaka 1999 na shirika la African Rights, kwa ushahidi wa watu walionusurika. Watu wa kijijini, wengi wao wakulima kama sisi, walikumbuka jina, siku, na maneno yaliyosemwa. Februari 2002 padre alijisalimisha Arusha. Desemba 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Na Machi 2008 mahakama ya rufani ikaongeza adhabu kuwa kifungo cha maisha.

Tazameni tofauti na mchezo wa televisheni. Kule siri hulindwa kwa akili nyingi za mwuaji, na wenzake wanaonekana kama vipofu. Katika dunia hii yetu siri ya namna hiyo haihitaji akili nyingi. Inahitaji jina jipya, karatasi, watu wachache wanaosaidia, na wengi wasiouliza.

4. Kila mwuaji ana kanuni yake

Kinachowavutia vijana katika Dexter ni ile kanuni ya kuua waovu tu. Lakini waulizeni waliokuja na mapanga Nyange. Wao pia waliambiwa kwamba walioko kanisani ni adui wa nchi. Hakuna aliyeitwa kwenda kuua jirani mwema; aliitwa kwenda kuua nyoka, mende, mpelelezi. Kwanza mtu hubadilishwa jina, kisha huuawa.

Nasi tusijidanganye kwamba kanuni hiyo ililetwa na televisheni. Katika nchi yetu watu wamepiga mayowe ya mwizi na kumchoma moto kijana kabla hajaulizwa jina. Wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Kesho yake waliofanya hivyo wameamka, wakachukua majembe, wakasalimiana njiani kama kawaida. Je, hayo si maisha mawili? Mwuaji wa Miami ana siri peke yake. Siri ya kijiji hubebwa na watu wengi, na kila mmoja humtazama mwenzake ili asiseme.

5. Hadithi ya Nathani

Si kila hadithi ya mwuaji ni mbaya. Katika 2 Samweli sura ya 11 na 12 twaona mfalme aliyeishi maisha mawili. Daudi alimwua Uria kwa kalamu. Uria mwenyewe ndiye aliyeibeba barua iliyoagiza kifo chake. Mchana mfalme aliamua mashauri ya watu, na mjini mambo yakaendelea.

Nabii Nathani hakuanza kwa kumlaumu. Alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake wa pekee, aliyekula pamoja na watoto wake. Mfalme akamwonea huruma maskini yule, akaghadhibika, na ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Tuyalinganishe. Nathani alimchukua mwuaji akamkalisha mahali pa aliyedhulumiwa. Mchezo huu wa televisheni unamchukua asiye na hatia na kumkalisha mahali pa mwuaji. Hilo ndilo jibu letu kwa wazazi waliouliza. Msiishie kumwuliza kijana kama filamu ina damu. Mwulizeni: Aliyekufa aliitwa nani? Mama yake alipata habari lini? Kijana akiweza kujibu, ametazama kwa macho mawili. Asipoweza, ameona nusu ya habari.

6. Sisi wa Kasanda na wageni wetu

Mtu aweza kuyasoma haya akatoka na fundisho potovu, akasema, "Basi kila mgeni ni wa kuogopwa." Sisi wa nyanda hizi hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Tangu mwaka 1972 Warundi wamevuka mpaka kuja kwetu, wakaja tena 1993 na 2015. Majina ya Mtendeli, Kanembwa, Nduta, Mtabila na Nyarugusu tunayajua kama majina ya vijiji vyetu. Mwisho wa Aprili 1994 Wanyarwanda karibu robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kati yao walikuwamo walioua. Walikuwamo pia watoto, wajawazito na vikongwe wasiojua lolote. Kwa sura hakuna aliyeweza kuwatenga.

Kumshuku mtu kwa sababu ya kabila lake ndiyo njia ile ile iliyoleta buldoza Nyange. Tunachodaiwa ni kitu kingine. Tumpokee mtu na kumpa chakula. Lakini anayejua habari za damu asizifiche kwa sababu mhusika ni ndugu, au ni mkubwa, au anaimba vizuri katika kwaya. Azipeleke mahali pa sheria, aseme aliyoyaona, wala asiongeze aliyoyasikia. Na mtu akitubu mbele ya kasisi, tumfurahie. Lakini toba haifuti madai ya waliofiwa kuambiwa ukweli na kujua wapendwa wao wamezikwa wapi.

Nyange ina habari nyingine, ambayo sisi walimu tunapenda isisahauliwe. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 wauaji waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono; wengine wakafa, wengine wakajeruhiwa. Mahali pale pale ambapo padre alimwonyesha dereva upande dhaifu wa kanisa, watoto wa shule walikataa kumwonyesha mwuaji ni nani wa kuuawa. Hawakuwa na jina la pili la kujificha ndani yake.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja hadithi au filamu moja uliyoipenda. Ilikukalisha upande wa nani?

2. Waumini wa Florence hawakujua. Je, kutojua ni kosa? Ni wakati gani kutouliza kunakuwa kosa?

3. Katika kijiji chetu, ni jambo gani ambalo watu wengi wanalijua na hakuna anayelisema? Msitaje majina katika kikundi. Tafuteni kwanza ni nani anayepaswa kuambiwa kwa mujibu wa sheria.

4. Someni 2 Samweli 12. Kwa nini Nathani alianza na mwana-kondoo?