Umewauliza Wengi. Je, Umemwuliza Mwenzako?



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo kila nyumba hulifanya bila kulifikiria sana, nalo ni kuomba shauri. Tunauliza watu mambo mengi: kitanda kikae upande gani, chumba tukigawe kwa pazia au kwa mbao, tuhame au tubaki, tuzae mtoto mwingine au tungoje, tujenge nyumbani mashambani au tutafute kiploti hapa Nairobi. Kuuliza si udhaifu. Hata Musa, aliyezungumza na Mungu mwenyewe, alishauriwa na mkwewe Yethro jinsi ya kugawa kazi, naye akakubali (Kutoka 18). Shida huanza tunapomwuliza kila mtu isipokuwa yule tunayelala naye chumba kimoja.

Mimi ni katekista, nafundisha wachumba kabla ya ndoa, lakini kosa hili nimelitenda mwenyewe. Kwa hiyo nianze na nyumba yangu kabla sijaingia ya jirani.

Tunaishi Laini Saba, Kibera, katika chumba cha futi 10 kwa 10 kama vilivyo vyumba vingi vya hapa kwetu: kuta za udongo, paa la mabati, mlango mmoja na dirisha moja dogo. Binti yetu wa kwanza alipofikisha miaka 11 niliona kwamba lile pazia jepesi halitoshi tena. Kwa hilo sikukosea. Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya nikawauliza wenzangu. Mmoja, ambaye hajaoa, akasema niweke ukuta wa plaiwudi. Mwingine, mwenye vyumba viwili Kawangware, akasema hata yeye alianza hivyo. Nikamwita fundi, naye akasema plaiwudi ndiyo dawa; bila shaka, maana ni yeye aliyekuwa akiiuza. Nikampigia mama yangu simu, akanibariki. Katika juma moja watu wanne walikuwa wametoa shauri juu ya chumba kile, na hakuna hata mmoja wao aliyelala ndani yake.

Jumamosi mama watoto alikwenda soko la Toi. Aliporudi alikuta ukuta umesimama. Alisema neno moja tu: "Sawa." Ndugu waume, mkisikia neno hilo likitamkwa namna ile, msifurahi.

Nilichokuwa sijafikiria ni cherehani. Mke wangu hushona sare za shule, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha kwa ajili ya mwanga. Sasa dirisha lilikuwa upande wa pili, juu ya kitanda. Upande wa mlango, mvua ikinyesha tukafunga, kulikuwa giza kama usiku, na jiko la makaa lilikuwa humo humo bila pa kutolea hewa. Hili la jiko lingeweza kutuua, maana hewa mbaya ya makaa haina rangi wala harufu. Mtu hulala asiamke. Wala karo haikungoja mwanga urudi. Juma la tatu aliipakia cherehani kwenye mkokoteni hadi kwa dada yake Kawangware, akawa anakwenda asubuhi na kurudi jioni. Kisha siku moja hakurudi. Wala siku ya pili.

Nikaenda tena kuomba shauri, safari hii kwa mzee mmoja wa jumuiya yetu. Nilieleza kwa muda mrefu: gharama ya plaiwudi, heshima ya nyumba, shemeji anayemfundisha mke wangu kiburi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Katekista, yeye alisemaje ulipomwuliza?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia ninywe chai, inapoa.

Maaskofu wa AMECEA walikutana hapa Nairobi mwaka 1976 wakaweka jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa kazi ya Kanisa katika nchi zetu. Tumezitumia vizuri kwa sala, kwa wagonjwa na kwa matanga. Kwa shauri la namna hii tumezitumia kidogo mno, pengine kwa sababu tunaogopa maneno kuvuja.

Nilikwenda Kawangware peke yangu, bila wazee na bila hotuba. Nilimwuliza mke wangu kile nilichopaswa kumwuliza miezi miwili kabla. Akachukua chaki yake ya kukatia nguo akachora chumba chetu kwenye sakafu ya dada yake: cherehani pale pale dirishani, kitanda cha deka cha watoto kwenye ukuta wa nyuma, pazia zito juu ya waya kukizunguka chetu, jiko karibu na mlango. Yote yaliingia. Alikuwa ameanza kuweka pesa za kitanda hicho kwenye chama tangu Januari, naye alikuwa akingoja zitimie ndipo aniambie. Kwa hiyo nasi wawili tulikuwa na siri, ingawa yake ilikuwa bora kuliko yangu.

Sasa fungua Biblia yako katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 37. Mwandishi anaonya kwamba kuna mshauri anayejishauria nafsi yake. Anatuasa tusimwulize mfanyabiashara juu ya bei, wala mvivu juu ya kazi, wala mwoga juu ya vita. Linganisha na orodha yangu: fundi juu ya plaiwudi, kapera juu ya chumba cha watu watano. Kabla ya kushika shauri la mtu, jiulize atapata nini ukilifuata, na atapoteza nini likiharibika. Mama yangu hakuwa na faida yoyote, lakini hakujua dirisha liko wapi.

Jambo jingine ni kiasi cha kusema. Ukuta wa mabati hauna siri, jirani husikia hata kijiko kikianguka; sembuse tunapoyatoa sisi wenyewe kisimani na kinyozini. Kubalianeni kwanza mtamwambia nani, na mtamwambia nini. Deni, ugonjwa na mambo ya kitandani yasitoke bila ruhusa ya wote wawili.

Lakini hapa nisieleweke vibaya. Mume au mke anayepigwa hahitaji ruhusa ya anayempiga ili aombe msaada. Mwambie padre, mwambie mtu unayemwamini, nenda polisi, au piga simu 1195, namba ya bure ya wanaotendewa dhuluma. Kenya ina sheria ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma ya nyumbani tangu mwaka 2015. Kunyamaza hapo si kutunza siri ya ndoa.

Katika mambo makubwa ya mali, sheria nayo inatulazimisha kuulizana. Tangu Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mmoja hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Na mkitaka kununua, muulizeni anayejua ardhi, asiwe dalali. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya jumuiya ya ekari 288, lakini kwingine mara nyingi unachouziwa ni kuta na mabati tu. Palipo na hati, ikaguliwe kabla pesa hazijatoka mkononi. Kwa Nairobi ukaguzi huo hufanywa kwa Ardhisasa, mtandao wa serikali ulioanzishwa mwaka 2021. Mkae wote wawili mbele ya simu mkisoma jina la mwenye ardhi.

Plaiwudi yetu tuliing'oa. Leo ni meza ya kukatia vitambaa, ingawa panya wamekula kona moja. Binti anakaribia miaka 14 na sasa tunajadili chumba cha pili. Mama watoto anataka Kawangware, karibu na dada yake na wateja. Mimi nataka tubaki Laini Saba, karibu na kanisa. Hatujakubaliana, na hatujamwuliza mtu bado.