Rudi na Mchoro, Maelezo Baadaye

Mdogo wangu uliyeniandikia, jina lako nalihifadhi kama ulivyoomba. Unasema ulikuwa ukichora katuni ya mfululizo na kuiweka mtandaoni kila Ijumaa, ukaacha katikati ya kisa, na sasa ni mwaka na ushee. Kuchora unatamani, wasomaji unawaogopa, basi umeandika barua ndefu ya kuwaomba radhi. Nimeisoma. Ifute.

Wasomaji si mangi mwenye daftari la madeni. Waliobaki wanataka kujua yule binti wa bandarini wa katuni yako alipotelea wapi, basi.

Na wala hukuanza wewe. Mmarekani Berkeley Breathed, aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1987, aliacha kuchora Bloom County magazetini mwaka 1989. Julai 2015 akairudisha, safari hii Facebook. Unajua pengo alilielezaje? Pengwini wake, Opus, anaamka, anauliza amelala muda gani, anaambiwa miaka 25. Kisa kikaendelea! Mimi hapo ndipo aliponimaliza.

Pengo la Allie Brosh, mchoraji wa blogu ya Hyperbole and a Half, lilikuwa zito zaidi. Mwishoni mwa 2011 alichora kuhusu sonona yake, kisha kimya kirefu mpaka Mei 2013. Aliporudi, alichora kilichokuwa kikimsibu ndani ya kimya hicho: hisia zilivyomkauka zote, watu walivyomshauri yasiyomfaa, hadi siku alipoangua kicheko kwa sababu tu ya punje ya hindi iliyosinyaa chini ya friji. Wengi wenye hali kama yake walijiona humo. Kitabu chake kikatoka mwaka huohuo, akapotea tena, na cha pili hakikuonekana mpaka 2020. Kurudi si kiapo, mdogo wangu.

Sasa kazi. Usitangaze lolote kabla hujawa na sehemu nne au tano zilizokamilika, umezifungia. Ijumaa iache, kila baada ya wiki mbili inatosha, na ukiona nayo inakubana, sogeza. Mhusika mmoja atukumbushe tulipoishia, maana tumesahau, tusidanganyane. Halafu, tafadhali, usianze kuchora upya ukurasa wa kwanza eti mkono umekomaa. Hapo ndipo wengi huzama tena: mwaka unakatika mtu anarekebisha pua.

Nanyi mnaomwandikia mchoraji "mwendelezo lini?" kila kukicha, najua ni mapenzi. Ila mtu aliyechoka akifungua simu akakuta maswali hayo thelathini, anaizima. Mwambieni ni ukurasa gani mliurudia mara tatu, au mhusika gani mnamgombania. Hayo anaweza kuyajibu hata siku ambayo hana mchoro.