SOMO LA ROBO HII: MPANGILIO WA CHUMBA CHA DAWA



Kamati ya afya ya parokia inapokaa kuzungumzia dawa, mara nyingi huzungumzia kununua: zimekwisha, zimepanda bei, Bohari ya Dawa haikuwa nazo. Ni mara chache tunauliza zikishafika zinawekwa wapi, na zinapita mikono ya nani mpaka zimfikie mgonjwa. Somo hili linahusu chumba chenyewe: meza, rafu, dirisha na kufuli.

Safari ya cheti

Chumba kizuri hufuata safari ya cheti cha mgonjwa. Kinapokelewa upande mmoja, kinasomwa na kuhakikiwa, dawa inaandaliwa mezani, inaandikwa lebo, inakaguliwa tena, kisha inatolewa upande wa pili na maelezo yake. Mtoa dawa asilazimike kuzunguka chumba mara tano kwa mgonjwa mmoja, wala asikatizwe na watu wanaopita kwenda stoo. Anayekatizwa akihesabu vidonge huanza kukisia.

Mezani pawe na dawa za mgonjwa mmoja tu kwa wakati. Vikapu vidogo vya plastiki vinatosha: kikapu kimoja, cheti kimoja. Vidonge vihesabiwe kwa sinia na kijiko bapa, si kwa kiganja, na sinia lifutwe kila baada ya dawa. Vumbi la penisilini lililobaki linaweza kumdhuru mgonjwa mwenye mzio nayo. Sinki la maji liwe karibu, na pawepo maji yaliyochemshwa na kupozwa kwa ajili ya dawa za unga za watoto. Zikishachanganywa, nyingi hudumu siku 7 hadi 14 tu, kwa hiyo tarehe ya kuchanganya iandikwe kwenye chupa.

Foleni ianze hatua chache nyuma ya dirisha. Mama anayeelezwa dawa za VVU asisikiwe na jirani yake wa kigangoni. Kwa maoni yetu, jambo hili peke yake linatosha kuhalalisha gharama ya ubao wa kugawa chumba.

Zinazofanana zitenganishwe

Wengi hupanga dawa kwa herufi. Si vibaya, lakini herufi huweka jirani majina yanayofanana, na makosa huzaliwa hapo. Mfano mzito ni potasiamu kloridi ya sindano. Kichupa chake kinaweza kufanana na cha maji ya kuchanganyia sindano, lakini ikichomwa kwenye mshipa bila kuchanganywa husimamisha moyo. Haifai kukaa rafu moja na maji hayo. Iwe na mahali pake, na onyo kwa wino mwekundu.

Dawa mseto ya malaria (ALu) ni mfano mwingine, wa kila siku. Pakiti zake ni nne kwa uzito wa mgonjwa: vidonge 6 kwa kilo 5 hadi 14, 12 kwa kilo 15 hadi 24, 18 kwa kilo 25 hadi 34, na 24 kwa kilo 35 na zaidi. Kila moja iwe na kisanduku chake, uzito umeandikwa kwa tarakimu kubwa. Zikimwagwa pamoja kwenye boksi moja, siku ya foleni ndefu mtoto atapewa ya mkubwa.

Stoo na funguo

Chumba cha kutolea dawa kiwe na akiba ya siku chache tu. Zilizobaki zikae stoo na zitoke kwa kuandikwa kwenye leja. Maboksi yawekwe juu ya chaga, sentimita 10 kutoka sakafuni na 30 kutoka ukutani, ili unyevu na mchwa visiyafikie na hewa ipite. Inayowahi kuisha muda ikae mbele, hata kama ililetwa jana. Tarehe ikiwa ni mwezi na mwaka tu, dawa inatumika hadi siku ya mwisho ya mwezi huo.

Jokofu la dawa liwe na nyuzi 2 hadi 8, kipimajoto ndani, na joto liandikwe asubuhi na jioni. Soda za wafanyakazi zitafutiwe pengine. Kila mlango ukifunguliwa joto hupanda. Mofini na pethidini zikae kabati lenye kufuli ndani ya chumba chenye kufuli, na rejista yake.

Kwa wafadhili wetu

Tunaomba mtuvumilie tuseme wazi. Maboksi ya dawa mchanganyiko yanayotumwa kwa moyo mwema hujaza rafu ambazo tungeziweka dawa zinazohitajika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa kwanza mwaka 1996 unataka dawa ya msaada iwe imeombwa, iwe na lebo inayosomeka kwa wahudumu wa nchi inayopokea, na kwa kawaida ibakiwe na angalau mwaka mmoja inapofika. Zikiisha muda haziwezi kutupwa shimoni. Tanzania ni lazima kufuata utaratibu wa TMDA, nao una gharama. Rafu imara, kipimajoto au feni ya stoo ni zawadi isiyoisha muda.

Maswali kwa kikao kijacho

Funguo za stoo ziko kwa nani, na asipokuwepo?

Chagueni dawa tano bila kutoa taarifa mapema, mzihesabu rafuni na kulinganisha na leja. Zimelingana?

Dawa zilizokwisha muda zimetengwa wapi, na zimeandikwa?

Mkisimama kwenye foleni, mnasikia anachoambiwa mgonjwa aliye dirishani?