Mikono Safi katika Makao ya Watoto: Mwongozo kwa Mgeni, Mfadhili na Mlezi

Wakazi wengi wa jiji la Dar es Salaam huwa na desturi njema ya kuwatembelea watoto wanaolelewa katika makao, hususan wakati wa Ramadhani, Pasaka na Krismasi. Mtu hufanya manunuzi Kariakoo, hupanda daladala au huvuka kwa kivuko cha Kivukoni kwenda Kigamboni, kisha hufika akiwa na mchele, sukari, nepi na sabuni. Mara nyingi jambo la kwanza afanyalo ni kumpakata mtoto mchanga. Mikono hiyo imeshika noti, vyuma vya daladala na mizigo ya sokoni, nayo bado haijanawa. Somo hili linaeleza namna ya kutoa msaada bila kuacha maradhi, na mambo ambayo mgeni ana haki ya kuyauliza.

1. Kwa nini makao yahitaji uangalifu zaidi

Katika nyumba ya kawaida mlezi mmoja huhudumia watoto wachache. Katika makao, mlezi mmoja aweza kubadilisha nepi za watoto kadhaa, kukoroga uji, kulisha na kufuta kamasi, yote katika muda wa saa moja. Mikono yake ndiyo hukutana na kila mtoto. Asiponawa baada ya nepi ya kwanza, vimelea vya kuhara husafiri hadi kwenye kijiko cha mtoto wa mwisho. Tena watoto hao hulala chumba kimoja na huchezea vitu vilevile, na baadhi yao hufika makaoni wakiwa na utapiamlo au bila kukamilisha chanjo.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Mwezi Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea jijini. Ugonjwa huo huambukizwa kwa mikono inayogusa macho na kwa taulo zinazotumiwa na watu wengi.

Huruma peke yake haizuii maambukizi. Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari wenyewe walikuwa wakiwapelekea wazazi homa ya uzazi kwa mikono iliyotoka kupasua maiti. Alipowaamuru wanawe kwa maji yenye klorini, vifo vilipungua sana. Madaktari hao hawakuwa na nia mbaya hata kidogo.

2. Wakati wa kunawa

Mlezi na mgeni wanapaswa kunawa kwa maji na sabuni:
(a) wanapoingia makaoni, kabla ya kumgusa mtoto;
(b) kabla ya kuandaa chakula, kula au kulisha;
(c) baada ya kutoka chooni, kubadilisha nepi au kumtawaza mtoto;
(d) baada ya kukohoa, kupiga chafya au kufuta kamasi;
(e) kabla na baada ya kumhudumia mtoto mgonjwa au kusafisha kidonda;
(f) baada ya kushika taka, wanyama au samaki wabichi.

Watoto nao wanawishwe kabla ya kula na baada ya choo. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa kunawa kwa sabuni hupunguza magonjwa ya kuhara kwa takriban thuluthi moja.

3. Namna ya kunawa

Wazee wa Pwani waliwanawisha wageni kwa birika na beseni: maji safi yalimiminwa juu, na machafu yakashukia chini. Kanuni hiyo bado ni sahihi. Kosa ni watu wengi kutumbukiza mikono katika beseni moja, kwa maana wa mwisho hunawa uchafu wa waliomtangulia.

Vua pete, lowanisha mikono kwa maji yanayotiririka, paka sabuni, kisha sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha kwa muda usiopungua sekunde 20. Suuza, kisha kausha kwa kitambaa safi cha mtu mmoja au kwa hewa. Taulo moja inayoning'inia kwa ajili ya wote iondolewe.

4. Maji yanapokuwa ya mgao

Mwezi Oktoba 2022 jiji liliingia katika mgao wa maji baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Hali ya namna hiyo si sababu ya kuacha kunawa. Ndoo yenye koki iliyowekwa juu ya kigoda, au kibuyu chirizi kinachofunguliwa kwa kukanyaga mti, hutumia maji machache. Kiwepo kimoja karibu na choo na kingine karibu na jiko, katika kimo ambacho mtoto anafikia. Mche wa sabuni waweza kukatwa vipande vidogo. Vilevile sabuni ya unga kidogo yaweza kuyeyushwa katika chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa. Chupa hiyo iandikwe wazi, isije ikadhaniwa ni kinywaji.

Kitakasa mikono hufaa pale ambapo maji hayapo na mikono haina uchafu unaoonekana. Hakiondoi tope wala kinyesi, na baadhi ya vimelea vya kuhara hustahimili spiriti.

5. Unaponunua sabuni na dawa

Sabuni ya maji na dawa za kusafishia huuzwa kwa wingi mitaani zikiwa katika chupa zilizokwisha kutumika. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha muda na alama ya ubora ya TBS usiipeleke makaoni. Kitakasa mikono kiwe na spiriti isiyopungua asilimia 60, na lebo itaje aina yake. Methanoli ni sumu na haifai kabisa. Dai risiti, na bidhaa zote hizo zihifadhiwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Kwa sakafu iliyochafuliwa na matapishi au kinyesi, futa kwanza uchafu, kisha tumia dawa ya klorini. Dawa yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, na huachwa kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku. Kamwe usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa hewa ya sumu.

6. Mtoto anapougua

Mtoto anayehara atengewe mlezi, chombo na kitanda chake, bila kuaibishwa wala kukatazwa mapenzi. Apewe maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakizama, mwili ukilegea, akishindwa kunywa au kukiwa na damu katika choo, apelekwe kituo cha afya mara moja. Choo cha majimaji mfululizo, kinachofanana na maji ya mchele, kitolewe taarifa bila kuchelewa. Simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Damu ya mtoto yeyote ishikwe kwa glavu, awe nani awaye. Kwa kuwa tahadhari ni moja kwa wote, mgeni hana sababu ya kuuliza ni mtoto gani ana maradhi gani, na mlezi hapaswi kumwambia.

7. Haki na wajibu wako

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayataka makao ya watoto yawe na leseni. Unaweza kuomba kuiona kabla ya kutoa mchango. Uliza pia watoto hunawa wapi. Tazama kama koki inatoa maji na kama sabuni imelowa: sabuni kavu iliyopangwa kwa ajili ya wageni haithibitishi kitu. Ukiona upungufu, zungumza kwanza na msimamizi kwa staha, kwani huenda kinachokosekana ni ndoo mbili tu ambazo wewe waweza kuzinunua. Ukiona watoto wametelekezwa, mwarifu afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Ukiwa na mafua, kuhara au macho mekundu, tuma zawadi yako na uahirishe ziara.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini beseni moja la kunawia watu wengi halifai?
2. Ni lini kitakasa mikono hakiwezi kuchukua nafasi ya maji na sabuni?
3. Taja mambo matatu utakayoyatazama kwenye chupa ya sabuni kabla ya kuinunua.
4. Katika makao unayoyatembelea, je, mtoto wa miaka mitatu anaweza kufikia koki bila kuinuliwa?