Mshono kwa Waliofiwa na Kichanga

Wapendwa wanandoa, jirani zenu wamempoteza mtoto tumboni, au mara tu baada ya kuzaliwa. Mtawafariji vipi? Wengi husema, "Mtapata mwingine." Maneno hayo huchoma, kwa kuwa huyo mwingine si huyu.

Basi shoneni. Mtoto wa majuma 28 ya mimba huwa na uzito wa kilo 1 hivi. Nguo za dukani humpwaya. Nguo inayomtosha yasema kwamba alikuwa mtu, mwana wa baba na mama.

Tumieni kitambaa laini cha pamba. Kateni gauni lililo wazi nyuma, la kufungwa kwa utepe, kwani ngozi yake huchubuka upesi na haifai kumvisha kwa kupitisha kichwani. Ongezeni kofia na mablanketi mawili madogo yanayofanana: moja azikwe nalo, jingine wabaki nalo wazazi. Mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu apate cha kushika. Lakini ulizeni kwanza kama wangependa kupokea.

Mume naye asikae kando. Akate kitambaa, kisha aende kuketi na baba mfiwa, ambaye mara nyingi husahauliwa.

Waelekezeni pia kwa paroko. Kanuni ya 1183 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 yamwezesha askofu kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo ambao wazazi walimkusudia.

Jioni hii jadilianeni: katika jumuiya yenu ndogo, ni nani aliyefiwa hivyo na hakuna anayemtajia mtoto wake?